Mfadhili akifunga virago, chekechea inabaki na nani?

#1 KokotoZaKilwa

Wakuu, habari za jioni.

Hili jambo linanisumbua siku nyingi, naomba tulijadili kwa utulivu. Kijijini kwetu, wilaya ya Kilwa, lilikuja shirika moja la misaada (jina naliacha, sina nia ya kuwachafua) likajenga darasa la awali zuri kuliko ofisi ya mwalimu mkuu. Sakafu laini, kuta zimechorwa wanyama na namba, mikeka mipya, kona za kujifunzia, choo chenye tundu dogo la kumfaa mtoto. Wakachukua mabinti wawili wa hapo hapo waliomaliza kidato cha nne, wakawapa mafunzo, wakawa wanawalipa posho kila mwezi.

Matokeo tuliyaona. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa akisema waliopita pale anawatambua siku ya kwanza tu: wanashika penseli vizuri, wanaomba ruhusa, hawalii wakiachwa na mama, na wakihesabu wanahesabu kwa kugusa kitu, si kuimba namba kama wimbo.

Mradi ukaisha, posho ikakatika. Binti mmoja akaolewa Nangurukuru, wa pili akaenda Dar kutafuta maisha. Leo darasa lile limejaa madawati mabovu na watoto wa awali wamechanganywa na darasa la kwanza.

Kinachonishangaza ni kijiji cha jirani. Wao walisaidiwa na watu wengine, kwa fedha kidogo, darasa lao ni la udongo na makuti, na mpaka leo linafundisha. Mwalimu ni yule yule.

Hoja yangu: mashirika ya hisani yameisukuma mbele elimu ya awali kuliko tunavyowapa sifa. Lakini wako tayari kulipia jengo na semina, mshahara wa mwalimu hawataki kuugusa. Je, nimeona sawa, au kuna sababu nyingine inayofanya moja life na nyingine iishi? Karibuni.

#2 Tembo_Mzee

Mshahara. Umejibu mwenyewe. Uzi ufungwe.

#3 ChakiMkononi

#2 usifunge uzi wa watu mapema hivyo, wengine ndiyo kwanza tumetoka shamba.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, shule ya msingi ya serikali, mkoa wa Mtwara. Mleta mada, tusianzie kwa wafadhili, tuanzie kwenye sera. Sera ya 1995 iliitambua elimu ya awali, lakini kwa sehemu kubwa mzigo ukabaki kwa wazazi na madhehebu. Ikaja Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ikasema mwaka mmoja wa awali ni lazima na ni sehemu ya elimumsingi. Kisha Januari 2016 ada na michango vikafutwa. Mwaka huo mmoja walioandikishwa awali nchi nzima waliruka kutoka milioni moja na kidogo hadi zaidi ya milioni moja na nusu. Hilo ni jambo la kushukuru, wengi wao ni watoto ambao wasingefika shuleni kabisa.

Ila tazama kilichotokea ndani ya shule yangu. Kabla ya hapo nilikuwa na mwalimu wa kujitolea wa awali, analipwa na michango ya wazazi, kidogo kidogo, pamoja na debe la mahindi wakati wa mavuno. Waraka wa kufuta michango ulipofika, kila mwalimu mkuu aliogopa kupokea hata shilingi mia tano isije ikaonekana anachangisha. Mwalimu wangu akaondoka. Watoto wakaongezeka. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nilikuwa na watoto zaidi ya mia moja kwenye chumba kimoja, na niliyempeleka pale ni mwalimu wa darasa la tatu aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Aliwapenda sana, Mungu ambariki, lakini hakuwahi kufundishwa namna ya kukaa na mtoto wa miaka mitano.

Kwa hiyo #1, inawezekana chekechea yako haikuuawa na mfadhili kuondoka. Huenda aliondoka wakati ule ule mlango wa michango ulipofungwa. Ilikuwa mwaka gani?

#4 MkunaziWaKisauni

Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku tuna mfano wa muda mrefu na naona hautajwi vya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 wazee wa Kiislamu wa Pwani walikuwa na uchungu mmoja. Watoto wetu wanasoma chuoni, yaani madrasa, Qurani wanaijua, lakini wakiingia darasa la kwanza wanaachwa nyuma na waliopitia nasari za kulipia. Wakampelekea Aga Khan ombi lao. 1986 mradi ukaanza hapa Mombasa, na aliyeushika tangu mwanzo ni Bi Swafiya Said, mwalimu wa hapa hapa. Hawakuja na shule zao mfukoni. Waliingia kwenye madrasa zilizokuwapo, wakaitaka jamii itoe mahali na iunde kamati, wakachukua kina mama na mabinti wa mtaa wakawafundisha ualimu. Baada ya mafunzo hawakuwaacha, mkufunzi alirudi darasani mara kwa mara kukaa nao na kuwaonyesha.

Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, kombe za baharini, vizibo, vitambaa vya fundi cherehani. Nyimbo na hadithi za Kiswahili, dua asubuhi, halafu mtoto anachagua mwenyewe kona ya kuchezea na baadaye anaeleza alichofanya. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wa walimu hao. Hakuwa na cheti cha maana, lakini ukimwona na watoto arobaini utadhani ana dawa.

Nyingi za chekechea hizo zipo hadi leo. Kwa hivyo hoja ya kuwa mfadhili akiondoka kila kitu kinakufa si kanuni.

#5 Mwembeni_Baraza

Nimekuunga mkono #4, naongeza tu kidogo. Zanzibar programu ile ilifika 1990, Uganda 1993. Na jambo lililozisaidia kubaki ni mfuko. Skuli ikishamaliza kipindi cha kulelewa, jamii inachangisha fedha zake, wakfu unaongeza juu yake, zinawekezwa pamoja, na kinachopatikana kinasaidia posho za walimu. Hapo ndipo penye tofauti na kisa cha Kilwa. Si kwamba hawa walikuwa na roho nzuri na wale mbaya. Walikaa mezani wakajiuliza mapema: siku tukiondoka, mwalimu atakula nini?

Na kuna utafiti wa Mwaura, Sylva na Malmberg uliochapishwa 2008, ulifuatilia watoto wa nchi zote tatu. Waliopita chekechea yoyote waliwazidi waliokaa nyumbani, na wa madrasa hizo waliwazidi wa chekechea nyengine. Haya si maneno ya barazani.

#6 Tembo_Mzee

#5 sawa kabisa, ila Aga Khan ana mifuko. Shirika dogo lenye gari moja na ofisi ya kupanga pale Lindi mjini litaweka wakfu wa nini? Narudi pale pale. Mshahara.

#7 NjooTuone

Nilikuwa afisa mradi kwenye shirika la kimataifa kwa muda, ngoja niwatetee wenzangu kidogo halafu niwaseme.

Utetezi kwanza. Mradi mwingi ni wa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza unapita kwenye vibali, utambulisho wa mkoa, wilaya, kata, kijiji, na kuajiri. Mwaka wa pili ndio wa kazi. Wa tatu unaandika ripoti na kutafuta fedha za mradi mwingine. Na mshahara tunaukataa kwa sababu halali: tukimlipa mwalimu wa jamii sawasawa na anavyostahili, siku tukiondoka halmashauri haitaweza kuendelea, na walimu wengine wa shule watauliza kwa nini yule. Kwa hiyo tunatoa "posho ya kutia moyo", ambayo ni ndogo kiasi kwamba hakuna mwenye maisha mengine atakayeikubali.

Sasa lawama. Kwenye karatasi ya mradi huwa kuna ukurasa wa namna ya kukabidhi. Nimeandika kurasa hizo mwenyewe. Zinasema "halmashauri itaendeleza". Lakini afisa elimu wa halmashauri unayemwandika pale hajaulizwa kama ana fungu, na mara nyingi anaijua habari siku ya sherehe ya kukabidhi, anapokata utepe. Tulitakiwa twende kwake wakati halmashauri inapanga bajeti, miezi mingi kabla, na tukae kwenye vikao vya kuchosha. Hilo hatukulifanya kwa sababu mfadhili wetu alihesabu watoto waliofikiwa, hakuhesabu vikao.

#8 DadaWaBiashara

Serikali zetu zingejua faida ya elimu ya awali wala tusingejadili wafadhili. Ilishathibitishwa: ukiweka shilingi moja kwa mtoto mdogo inarudi saba. Profesa Heckman wa Marekani, mshindi wa Nobel, ameonyesha hivyo. Hakuna biashara yenye faida hiyo Kariakoo.

#9 MtafitiMpole

#8 naomba tuiweke sawa, maana namba hiyo inatembea sana kwenye semina. Heckman amekadiria faida ya asilimia 7 hadi 10 kwa mwaka kutokana na chekechea ya Perry, mji wa Ypsilanti, Michigan, iliyoanza 1962. Ulikuwa mradi wa watoto 123 tu, na 58 kati yao ndio waliosoma pale, wengine walikuwa wa kulinganisha nao. Mwalimu mmoja alikuwa na watoto watano au sita, walimu wenye shahada, na kila wiki mwalimu alimtembelea mama nyumbani. Huwezi kuichukua faida hiyo ukaipeleka kwenye darasa la #3 lenye watoto mia na mwalimu mmoja asiye na mafunzo. Faida ilitoka kwenye ubora, haikutoka kwenye neno chekechea.

Kuna kitu kizuri hapo lakini. David Weikart, aliyeongoza Perry, alianzisha wakfu wa HighScope mwaka 1970, na njia yao ya mtoto kupanga, kufanya, kisha kueleza alichofanya ndiyo iliyochukuliwa na kutiwa viungo vya Pwani na kina Bi Swafiya. Alichokiona #4 kwa mama yake mdogo, mtoto kuchagua kona na baadaye kueleza, kimetoka huko. Sisi tukakiongezea dua na vifuu.

#10 MkunaziWaKisauni

#9 hilo sikulijua, ahsante. Nitamwambia mama mdogo kwamba alikuwa na ndugu Michigan miaka yote hiyo.

#11 Ngitu_wa_Bariadi

Mbona mnazungumza pwani tu? Njooni Simiyu. Huku mtoto anaanza shule hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Nyumbani ni Kisukuma, machungani ni Kisukuma. Anakaa darasani kama bubu mpaka anakata tamaa. Lilikuja shirika la EQUIP-T, wakaanzisha programu ya utayari wa kuanza shule: kijana wa kijiji anayejua lugha zote mbili anakaa na watoto miezi michache kabla ya darasa la kwanza, hadithi na michezo, anaanza kwa lugha ya nyumbani anavuka taratibu. Mdogo wangu alipita pale. Aliyemfuata hakuipata. Tofauti yao naiona hadi leo kwenye kusoma.

#12 ChakiMkononi

#11 kazi ilikuwa nzuri, nilihudhuria mafunzo yao. Ila EQUIP-T halikuwa shirika la hisani. Ulikuwa mpango wa serikali yetu kwa fedha za serikali ya Uingereza. Natofautisha kwa sababu ya hoja ya mleta mada: hata fedha za serikali kwa serikali zilipoisha, yule kijana wa kijiji alibaki bila posho vile vile. Basi tusiwabebeshe wenye hisani peke yao.

#13 Ngitu_wa_Bariadi

Mwalimu, kwa mama yangu wote ni "wafadhili". Gari jeupe likija anaandaa karanga.

#14 KokotoZaKilwa

Nawashukuru wote. #3 umeuliza mwaka. Shirika liliondoka 2015 mwishoni. Kwa hiyo maneno yako yananigusa, inawezekana vitu viwili viligongana. Lakini kijiji cha jirani nacho kilipitia waraka ule ule na mwalimu wao hakuondoka. Kwao wazazi waliendelea kumlimia shamba. Hakuna aliyeita mchango.

#15 SistaMstaafu

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefundisha watoto wadogo sehemu kubwa ya maisha yangu. Mnasema majengo na mishahara, hamjasema malezi ya mwalimu mwenyewe. Masista wa Kikatoliki wameendesha vyuo vya walimu wa Montessori, ile njia ya mtoto kujifunza kwa kushika vifaa, pale Msimbazi Dar es Salaam na kule Mtwara, na tulichojifunza ni kwamba mwalimu wa watoto wadogo hatengenezwi kwa semina ya siku tano ya hotelini. Anahitaji kukaa na vifaa, kuvigusa, kuona mtoto anakosea na kujizuia asimrukie kumsahihisha. Hilo la kujizuia ndilo gumu kuliko yote. Shirika linaloleta mafunzo ya wiki moja na kuondoka limempa binti maneno mapya. Mikono yake ni ile ile.

Kwa hiyo #1, niulize: yule mwalimu wa kijiji cha jirani alifundishwa na nani, na kwa muda gani?

#16 KokotoZaKilwa

Shikamoo Sista. Alikaa na mkufunzi karibu mwaka mzima, anakuja kwa pikipiki.

#17 SistaMstaafu

Marahaba. Basi sehemu ya jibu unayo.

#18 Gavana_Mtarajiwa

Kenya tulipita njia nyingine, wacha niwape. Nasari zetu za mwanzo zilikuwa za harambee, wazazi wanajenga na wanamlipa mwalimu. Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi ulisaidia tangu 1971 mradi wa kufundisha walimu wa nasari kule Taasisi ya Elimu, na kutoka hapo 1984 kikazaliwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE. Yaani hisani ilijenga chuo cha kuwafundisha wakufunzi, haikujenga vyumba. Halafu Katiba ya 2010 ikasema elimu ya kabla ya msingi ni kazi ya kaunti. Tangu 2013 kaunti zinajenga madarasa na kuajiri walimu.

Baadaye likaja jaribio la Tayari, 2014 hadi 2018, fedha za wakfu wa CIFF, likafanywa na shirika la Marekani la RTI pamoja na serikali: mwongozo wa mwalimu, vitabu vya watoto, na afisa wa kaunti anayemtembelea mwalimu darasani. Aliyetembelea alikuwa mtumishi wa kaunti tayari, kwa hiyo mradi ulipoisha yeye hakuondoka.

Kwa maoni yangu hapo ndipo hisani inapofaa: ilipie kujaribu, ithibitishe, iache mwenye kodi aendeshe.

#19 MamaPP2

#18 kaka, umepaka rangi nzuri lakini nyumba ina nyufa. Mimi ni mwalimu wa ECDE, elimu ya watoto wadogo, kwenye kaunti, nimekaa kwa kandarasi mwaka baada ya mwaka, mshahara ukichelewa unachelewa kweli. Kaunti jirani walimu wana masharti ya kudumu, sisi hatuna. Mtoto wa Katiba moja, mwalimu wa bahati tofauti. Na 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, wazazi wengi waliwatoa watoto nasari ya kulipia wakawapeleka darasa la kwanza moja kwa moja, ndipo tukaona jinsi nasari ilivyokuwa imesimama kwa mguu mmoja. Usiseme serikali ikishika basi imekwisha.

#20 DadaWaBiashara

Niwaulize wenye uzoefu. Wazazi wanataka hayo ya mikeka na vifuu kweli? Mtaani kwetu Mbagala kituo kikisema watoto wanajifunza kwa kucheza, kinakosa watoto. Mzazi anataka daftari limejaa, kazi ya nyumbani na Kiingereza cha kumwimbia mgeni. Jirani yangu alimhamisha mtoto kwa sababu "wanacheza tu, najilipia uwanja?"

#21 PembeniMwaZiwa

#20 umesema kweli tupu. Niko Mwanza, nilisaidia kwenye mradi wa Fursa kwa Watoto wa Children in Crossfire, wafadhili Dubai Cares. Tulifanya kazi ndani ya shule za serikali, hatukuanzisha zetu. Kikwazo kikubwa cha mwanzo hakikuwa fedha. Wazazi walimwona mwalimu amekaa chini na watoto, anapanga vizibo, wakasema hafundishi. Ilibidi kuwaita wazazi darasani, wakae kwenye mkeka, mtoto awaonyeshe makundi ya vizibo matano matano. Mzee mmoja alitoka akasema, "kumbe anahesabu, mimi nilidhani anachezea takataka." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akikusanya vizibo kwenye baa zote za kijiji.

Kwa hiyo nami natia sababu yangu: chekechea inabaki pale ambapo mzazi ameona kwa macho mtoto anachopata. Asipoona, hata mshahara ukiwepo hatamleta mtoto wakati wa palizi.

#22 Tembo_Mzee

Sasa tuna sababu ngapi? Mshahara, waraka, mfuko, mafunzo, macho ya mzazi. Bado mshahara unaongoza.

#23 UjiWaLishe

Hamjataja uji. Kituo chetu mahudhurio yalikuwa yanapanda siku za uji na kushuka siku sufuria haipo. Mtoto wa miaka mitano anayetembea mwendo mrefu bila kitu tumboni atajifunza nini? Wafadhili walileta unga kwa mwaka mmoja, ukaisha, tukapanga zamu: kila kaya inaleta kisado mara moja kwa muhula, kuni zinaletwa na walezi wanaowasindikiza watoto. Sasa ni mwaka wa nani sijui, uji upo. Karanga tunasaga wenyewe.

#24 Ngitu_wa_Bariadi

#23 tunaomba kipimo cha karanga kwa kisado cha unga. Hili ndilo swali la maana kuliko yote humu.

#25 UjiWaLishe

Mahindi visado vitatu, karanga kimoja, ulezi kimoja kama upo. Karanga zikaangwe kidogo kwanza na uchague zenye ukungu utupe zote, usione huruma, zile ni sumu kwa watoto.

#26 Mwembeni_Baraza

Turudi njiani. #11 amenikumbusha TuTu, Tucheze Tujifunze. Huku Zanzibar vijijini pasipo skuli karibu, watoto walikusanyika penye kivuli na redio moja, vipindi vinaongoza michezo, nyimbo na hesabu, na mlezi wa hapo hapo anasimamia. Kilianza kwa msaada wa Marekani kupitia shirika la EDC, lakini Wizara ilikuwa ndani tangu mwanzo. Sera yetu ya 2006 ilishasema elimu ya maandalizi ni sehemu ya elimu ya lazima, kwa hiyo ilikuwa na mahali pa kuviweka vituo vile. Nadhani hapa pana jibu jengine kwa #1: msaada ulikuta kabati la kuwekwa. Kilwa ulikuta sakafu.

#27 NjooTuone

#26 ni kweli, na Bara sasa kabati linatengenezwa. Programu jumuishi ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021 na asasi kama TECDEN na Children in Crossfire zilikuwa mezani zikiandika pamoja na wizara. Mpango wa serikali wa BOOST nao umekuwa ukijenga madarasa ya mfano ya awali kwenye shule za msingi. Sasa hivi majengo yanakuja kwa fedha za serikali na mkopo wa Benki ya Dunia, kwa hiyo shirika linalokuja leo kujenga chumba kimoja na kukipiga rangi limechelewa. Lije kulea walimu, kama alivyosema Sista.

#28 BintiWaPosho

Nimesoma kimya toka mwanzo, naomba niongee mimi niliye upande wa pili. Mimi ndiye yule binti mnayemzungumzia, si wa Kilwa, ila wa kwingine. Nilifundishwa na shirika, nikafundisha chekechea ya kijiji miaka mingi. Serikali ilipotangaza ajira za walimu nikaenda na vyeti vyangu vya semina, kitabu kizima. Nikaambiwa havitambuliki, inatakiwa cheti cha chuo cha ualimu. Chuo kinataka ufaulu wa kidato cha nne ambao mimi sikufikisha. Kwa hiyo aliyeajiriwa ametoka chuoni, akapangiwa awali, na mimi nikamwonyesha namna ya kuwakalisha watoto duara kabla sijaondoka.

Sina kinyongo naye, ni kijana mzuri. Ila mashirika yangetusaidia kulipigania hili: uzoefu wetu uhesabiwe, tupewe njia ya kusoma polepole tukiwa kazini mpaka tufike cheti. Mtu akijua ana pa kufika, posho ndogo anaivumilia. Niliondoka kwa sababu mbele palikuwa ukuta. Njaa niliishaizoea.

#29 MamaPP2

#28 dada, nimekusikia. Ni hivyo hivyo hata huku.

#30 Tembo_Mzee

#28 hapo umenisogeza. Nilikuwa nasema mshahara, kumbe hata mshahara unapitia kwenye cheti.

#31 MtafitiMpole

Na hilo ndilo eneo ambalo asasi zina nafasi kuliko serikali: shirika la BRAC kutoka Bangladesh limeendesha vituo vyake vya michezo hapa Tanzania na Uganda kwa fedha za Wakfu wa LEGO, walezi wao ni mabinti wa mitaa ile ile. Mabinti hao ni wengi sasa. Wakikusanywa na wa madrasa, wa vijijini na wa makanisa, ni jeshi la watu wenye uzoefu ambao hakuna daftari la serikali linalowatambua.

Lakini simkubalii #7 kwamba mshahara uliotolewa na shirika ni kosa. Wakati mwingine kumlipa mtu vizuri miaka mitatu ndiko kunakompa nafasi ya kurudia mtihani.

#32 Mpingo_Mweusi

Nimechelewa lakini mada ni ya nyumbani. #1, wewe ni wa Kilwa na hujataja msitu? Kikole na Kisangi walipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya kijiji tangu 2009, wanavuna mbao kwa mpango na mapato yanaingia kijijini. Nanjirinji wameshajenga vitu vyao kwa fedha za msitu. Hapo nyuma yake kuna asasi pia, MCDI, lakini waliwasaidia watu kumiliki chanzo cha mapato. Kijiji chenye mapato yake hakihitaji mfadhili wa kumlipa mwalimu mmoja wa chekechea.

#33 KokotoZaKilwa

#32 sisi msitu tumeutenga, uvunaji umeanza juzi juzi tu. Mkutano mkuu wa kijiji uliopita walipiga kura fedha za kwanza ziende nyumba ya mganga. Sikuona ubaya, zahanati yetu ina hali mbaya. Lakini wanaume ndio walijaa mkutanoni, kina mama walikuwa shambani, na hakuna aliyelitaja darasa la watoto.

#34 UjiWaLishe

Itisheni mkutano baada ya mavuno, saa kumi jioni. Kina mama watakuja na ajenda itabadilika yenyewe.

#35 ChakiMkononi

Na kabla ya mkutano mpelekee afisa elimu kata nakala ya ajenda, aje. Msimfanye akate utepe.

#36 KokotoZaKilwa

Nitafanya hivyo. #28, ungekubali kunitumia mfano wa makubaliano mliyokuwa mmeandikishana na kijiji chenu? Nataka niingie na karatasi mkononi.

#37 BintiWaPosho

Ninayo nakala, nitaitafuta. Ila amueni kwanza jambo moja, kwetu lilileta ugomvi: mwalimu huyo atakuwa wa serikali ya kijiji au wa kamati ya shule? Sisi tuliacha wazi, na siku ya kulipwa kila upande ulisema mwenye kulipa ni mwenzake.

#38 NjooTuone

Wa kamati ya shule, fedha zipite akaunti ya shule.

#39 Mpingo_Mweusi

Hapana #38, fedha za msitu ni za kijiji, zikishaingia akaunti ya shule kijiji hakiwezi tena kuuliza. Aandikwe na serikali ya kijiji.